Mtego wa Mashine ya Mama Klara

Kambi ya mkonge, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Mwakeye? Hiyo ni salamu ya kwetu. Mengine nitaandika kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa kama za ubaoni, maana dada ameniarifu kwamba umemaliza kisomo cha watu wazima na siku hizi hutaki mtu yeyote akusomee barua zako. Shikamoo, Baba msomi! Ukikwama mahali usimwite mwalimu. Rudi nyuma, uanze sentensi upya, utaipata.

Habari za Munanila? Habari za baridi na ukungu wa asubuhi? Goti lako limepona, au bado linakutabiria mvua? Na Mama, kifua chake kinaendeleaje? Tangu mlipohamia kijijini sijui nyumba yenu inatazama wapi, na jambo hilo linanisumbua, kwa sababu nikiwawaza nawaona bado kule kwenye migomba yetu ya zamani. Nieleze katika barua yako, uandike kwa mkono wako mwenyewe. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na leo nina furaha ambayo nisipokusimulia itanipasua.

Baba, nimetengeneza mashine ya Wazungu! Mimi, Filipo, ambaye ulisema mikono yangu inajua kushika mwiko tu wakati ugali umeiva.

Ngoja nianze mwanzo. Unajua kwamba mwaka jana niliondolewa kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, nikapelekwa kuwa dobi nyumbani kwa Mzungu anayesimamia mitambo ya shamba. Sisi tunamwita Bwana Fundi. Mkewe tunamwita Mama Klara, kwa jina la binti yao mchanga. Nilimshukuru Mungu kutoka kwenye korona. Ilichukua vidole viwili vya jirani yangu wa kambini, Muha mwenzetu wa Kibondo, nami nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Mama Klara ana mashine ya kukaushia nguo, imekuja kwa meli ndani ya kasha. Ni sanduku kubwa la bati jeupe lenye pipa ndani yake. Unatia nguo mbichi, unafunga mlango, pipa linazunguka na kupulizwa hewa ya moto mpaka nguo zikauke. Utauliza, jua la Mungu lina kosa gani? Hata mimi niliuliza. Kosa si la jua, ni la nzi. Huku kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Klara funza hao walimwingia mgongoni kabla hajatimiza miezi mitatu. Tangu siku ile mama yake haaniki hata leso nje.

Sasa, Kiswahili cha Mama Klara kimetoka kwenye kitabu kidogo. Siku ya kwanza aliponionyesha mashine alisema, "Filipo, kila siku safisha mtego. Kila siku! Usisahau." Akanyoosha kidole kwenye mashine, na pembeni ya mashine, Baba, palikuwa na mtego wa panya.

Wewe ulinilea kwa mitego ya fuko. Mtu akiniambia mtego, sina swali la kuuliza. Kila asubuhi niliuosha ule mtego wa panya kwa majivu, nikausugua waya wake ukang'aa, nikatia dagaa mmoja, nikautega. Mama Klara akipita huniuliza, "Mtego?" Namjibu, "Tayari, mama." Yeye anafurahi, nami nafurahi. Tuliishi hivyo miezi mitano. Panya hakuonekana hata mmoja, nikajisifu moyoni kwamba wamehama kwa kunihofia.

Kumbe mashine ina mtego wake ndani! Si wa panya, ni wa manyoya. Nguo zikizunguka hutoa manyoya laini, kama yale unayoyakuta ndani ya mfuko wa koti kuukuu, na chini ya mlango kuna chujio la wavu linaloyanasa yasifike penye moto. Chujio hilo kwa lugha yao huitwa mtego. Mimi nitajuaje?

Masika yalipoanza, nguo zikawa zinatoka vuguvugu na mbichi. Nikarudia mara mbili, mara tatu. Halafu Jumanne moja asubuhi nikasikia harufu ya kuungua, na moshi ukatoka nyuma ya mashine. Nilichomoa umeme, nikapiga kelele. Bwana Fundi alikuja mbio, akainama, akavuta kitu kutoka chini ya mlango. Kilikuwa fremu ya plastiki iliyopasuka, na wavu wake umelika mpaka umebaki matundu, na juu yake manyoya mazito kama blanketi. Mengine yalikwisha kupita yakaungua.

Mama Klara alisema, "Filipo! Wewe hapana safisha mtego!"

Mimi nikiwa na haki yangu nilikimbia nikamletea mtego wa panya, safi, unang'aa, na dagaa wake mpya.

Mzee Mhando, mpishi wetu, Mzigua, alilazimika kutoka nje ili acheke. Mama Klara hakucheka. Alidhani namfanyia mzaha, na akalia kwa hasira akiwa amembeba mtoto. Nilimweleza, Bwana Fundi naye akamweleza kwa lugha yao, lakini hofu ilikuwa imekwisha kumshika. Bwana Fundi akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele, "Chujio jipya nitaagiza Ulaya, litakuja na meli sijui lini. Mashine haifanyi kazi bila chujio. Mke wangu hataki tena dobi wa kumtia wasiwasi. Jumatatu urudi korona."

Baba, nilivikunjua vidole vyangu kumi nikavitazama. Sikuona aibu kuogopa, niliogopa. Nikasema, "Bwana, nipe huo mtego uliokufa. Nipe mpaka Jumamosi." Alinitazama, akanipa.

Mzee Mhando akasema, "Haya, Muha wa watu! Umeshindwa kuusafisha, utaweza kuuzaa?"

Kwanza nilishona kitambaa cha kanga kwenye ile fremu. Bwana Fundi akaniruhusu kujaribu naye akiwa amesimama pale. Hewa ilikataa kupita, bati likawa la moto kama chungu, tukazima. Siku ya pili nilitia wavu wa mbu wa dirisha bovu. Hewa ilipita vizuri, na manyoya nayo yakapita vizuri, yakasalimiana na hewa njiani. Alhamisi nikaenda karakana. Pale nyuma kuna trekta bovu, na ndani ya chujio lake la dizeli nikakuta wavu wa shaba mwembamba, tundu zake huzioni mpaka uuelekeze kwenye mwanga. Mafundi wakanipa bure wakicheka. Niliuchemsha kwa sabuni mara nne mpaka harufu ya mafuta ikaisha.

Wavu nilikuwa nao, lakini fremu ilikuwa imepasuka. Nilikaa chini ya mchirizi wa paa nikiigeuzageuza, mvua inanyesha, nami sina la kufanya. Ndipo nikaacha kuiona fremu nikauona ungo. Baba, chujio lile ni ungo tu! Ungo mdogo wenye pembe nne. Nikachukua mpini wa waya wa ndoo iliyotoboka, nikaukunja kwa kipimo cha ile fremu, nikaulaza wavu juu yake, nikaanza kuufunga ukingo kwa waya mwembamba wa shaba kama unavyofunga wewe kwa kamba: mbele mbili, nyuma moja, kaza.

Nilipomaliza mara ya kwanza nilifurahi sana. Halafu nikaubonyeza katikati, ukabonyea. Nikasikia sauti yako kabisa, "Fumua." Unakumbuka nyungo zangu ulizozifumua mbele ya wateja? Nilikuchukia wakati ule, sasa nakwambia kwa sababu uko mbali. Nikafumua. Nikafunga tena, pembe moja ikakaa juu. Nikafumua. Ijumaa jioni nilifunga mara ya tatu, vidole vinatoka damu, na nilipoupiga kwa ukucha, wavu ulilia kama ngoma. Sikufumua.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walisimama wote: Bwana Fundi, Mama Klara na mtoto begani, na Mzee Mhando mlangoni ameshika kisu na kitunguu. Nilitia nepi ishirini mbichi. Chujio langu likaingia mahali pake kwa kusukumwa kidogo tu. Pipa likazunguka. Bwana Fundi aliweka kiganja nyuma ya mashine, akakiondoa, akakiweka tena. Mimi nilikuwa nasali kwa Kiha, maana sala za haraka hazinijii kwa Kiswahili.

Mashine iliponyamaza Mama Klara alifungua mwenyewe. Akatoa nepi moja akaiweka shavuni. Akatoa ya pili, ya tatu. Zote kavu, kavu mpaka zinakwaruza! Bwana Fundi akavuta chujio, na manyoya yalikuwa yamelala juu yake sawasawa. Akayashika kwa ncha ya kidole, yakabanduka yote kwa mara moja kama ukoko wa wali. Nyuma ya wavu hapakuwa na hata unyoya.

Nilicheza, Baba. Siwezi kukuficha. Nilirukaruka pale sakafuni kama mtu wa arusini, Klara akacheka, na Mzee Mhando akasema, "Ala! Kumbe Waha wana akili, mbona huwa mnazificha?" Nikamjibu kwamba tunawaficha Wazigua wasije wakaziazima. Bwana Fundi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, pande zote nne, polepole, akauliza nani alinifundisha kufunga vile. Nikamwambia, "Baba yangu. Yuko Munanila, anasuka nyungo." Akataka nilitamke tena jina la Munanila, akalirudia vibaya. Habari ya korona haikutajwa tena. Na sasa kila asubuhi nasafisha mtego, ule wenyewe.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wiki iliyopita meli ilikuja. Lile chujio la Ulaya lilifika katika boksi lake, limefungwa karatasi laini, zuri kweli. Nilivunjika moyo. Nilijiambia, sasa wamepata chao, na mimi watanikumbuka kwa panya. Mama Klara akalitia kwenye mashine, akakausha nguo mara moja, akalitoa, akalitazama. Akaweka langu, akakausha tena, akalitazama nalo. Kisha akalirudisha lile jipya ndani ya boksi, akanipa boksi mkononi.

Akasema, "Filipo, hiki weka stoo. Siku wewe nakwenda likizo kwa baba yako, sisi tatumia hiki."

Likizo yenyewe nimepewa, Baba. Masika yakiisha napanda treni mpaka Kigoma.

Msalimie sana Mama, mwambie apike kisamvu siku hiyo na siyo maharage. Msalimie dada yangu wa Nyakitonto na shemeji yangu mpole, na shangazi muuza chumvi, na baba mdogo mwenye mizinga ya nyuki, na mwalimu wako wa kisomo, ambaye namshukuru kuliko anavyojua. Wote wanaoniulizia, waambie nipo.

Ni mimi mwanao,
Filipo