Mbegu Saba Katika Ndoo Moja

Jumatano, Machi 14. Ambondrona, Nosy Be.

Mvua imekatika tangu alfajiri na jua limetoka kali. Watu wa hapa wamefurahi. Mimi nimeamka na kichwa kizito na sina hamu ya kumwamkia mtu.

Naandika nimekaa nyuma ya nyumba ya Dady Soa. Dady ni bibi kwa lugha ya watu wa huku, na huyu umri wake ni wa mama yangu kama angekuwa hai. Juzi nilimletea mbegu yake ya mpunga kutoka ghala letu la Mahajanga. Mbegu ile si yake. Nilikuwa nalijua hilo tangu naifunga.

Wengine mmeniuliza humu mtandaoni kwa nini naandika Kiswahili na niko Madagaska. Kwa sababu sina wa kuzungumza naye. Kutwa nasema Kimalagasi. Na majirani Wangazija wa Komoro tunakutana nusu njia, wao na chao, mimi na changu. Lugha ya mama imebaki kwenye simu hii.

Mimi ni mtu wa Pemba, niliishia darasa la tano. Nilifika Mahajanga mwishoni mwa miaka ya sabini. Wangazija wengi walikuwa wameshaondoka baada ya zile fujo za kuwaua na kuwafukuza, nikapata kazi bandarini kwa sababu waliokuwa wakiifanya hawapo. Nikapata na chumba mtaa wa Tsaramandroso. Mwenye chumba hakurudi, na msala wake ulikuwa bado umekunjwa nyuma ya mlango. Sikuuliza kitu. Nilitandika kitanda nikalala.

Baadaye nikahamia ghala la mbegu. Walitaka mbeba magunia anayejua mpunga, na mtoto aliyekulia kwenye mabonde ya Pemba anaujua mpunga. Kazi ya ghala si ngumu kueleza. Mbegu za zamani zinakusanywa vijijini, kidogo kidogo, zinakaushwa, zinafungwa, zinawekwa kwenye chumba cha baridi, ili siku mbegu ikipotea kwao ipatikane kwetu. Kila baada ya miaka kadhaa zinapandwa upya, maana hata kwenye baridi mbegu huzeeka. Kila moja na kitalu chake, mfuko wake na jina lake.

Kwenye jina ndipo nilipoharibu.

Mara ya kwanza tulikuja kisiwa hiki cha Nosy Be watatu: injinia wa kilimo, dereva na mimi. Injinia aliuliza, mimi niliandika, kwa sababu chuoni kwa maalimu nilichapwa mpaka nikawa na mwandiko mzuri. Kwa Dady Soa tulikuta mpunga mwekundu wenye ndevu ndefu, ncha nyeusi, umesimama kwenye jaruba la mwisho karibu na mikoko, pale maji ya bahari yanapopanda. Mpunga mwingine ukiupanda pale unaungua. Ule hauungui. Injinia akauliza jina lake. Dady akatazama pembeni akasema, "Tsisy anarana." Hauna jina.

Kwa Wasakalava, wenyeji wa huku, mfalme akifa, jina alilokuwa nalo akiwa hai halitajwi tena, na neno linalofanana nalo huwekwa kando. Jina la mpunga ule liligongana na la marehemu. Nilikuwa nimeshakaa nchi hii miaka ya kutosha kulijua jambo hilo. Nilijua pia kwamba neno likiwekwa kando hupatikana jingine la kutumia. Ningerudi peke yangu, nikakaa, nikanywa yale maji yao ya ukoko wa wali, ningeambiwa hilo jingine. Lakini ilikuwa saa nane mchana, nina njaa, na dereva anapiga honi.

Nikaandika: Tsisy anarana.

Katika safari ile niliandika hivyo mara saba. Wengine walificha jina kwa mwiko huohuo. Wengine walipewa mbegu na jirani na hawakuwahi kuuliza. Mimi na dereva tukafanya mzaha. "Leo tumeokota wangapi wasio na baba?" Nilicheka sana, nakumbuka.

Miaka ikapita, injinia akastaafu, akaja mkuu mpya, dada mmoja msomi wa kompyuta. Simchukii. Siku moja aliwaonyesha wageni mpunga, akautaja mmoja kwa jina la mwingine, nikamsahihisha mbele yao. Akatabasamu. Akaniambia kwa Kifaransa cha polepole, ili nielewe, "Mzee, kazi yako ni kubeba." Wageni nao wakatabasamu.

Wiki ileile mashine ya chumba cha baridi ikafa. Tukabaki na friji moja kwa ghala zima. Mkuu akaniambia nipunguze mifuko: yote yenye jina moja iunganishwe, kwa kuwa ni kitu kilekile kilichorudiwa.

Nilisimama mezani na mifuko saba ya Tsisy anarana. Mmoja mwekundu wenye ndevu, mmoja mweupe mfupi, mmoja ganda jeusi, na wengine kila mmoja na sura yake. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Mdomo nilikuwa nao. Nikajiambia, kazi yangu ni kubeba, acha nibebe. Nikaimimina yote kwenye ndoo moja, nikakoroga kwa mkono.

Nilikoroga vizuri, mpaka chini.

Huwa nasikia watu wakisema hasira hupita. Yangu iliota. Mwaka tulioupanda mchanganyiko ule shamba lilikuwa la rangi rangi, na mkuu akasema linapendeza. Ule mweupe mfupi ulikomaa mapema. Ule wa Dady, mrefu na mchelewaji, ulilazwa na upepo, na sisi tulivuna wote siku moja, ulioiva na usioiva. Kila tulipopanda tena mwekundu ulipungua. Mara ya tatu nilizunguka shamba zima nikitafuta ndevu. Nikaona masuke mawili, labda matatu. Nikayakata pamoja na mengine.

Lebo ilikuwa safi muda wote. Mwandiko mzuri.

Mwaka huu kimbunga kiliisukuma bahari ikaingia majaruba yote ya Dady, si lile la mwisho tu. Mpunga wa kununua ukaungua. Wa zamani hana. Mwaka mmoja wa njaa aliipika mbegu yake, akaimaliza, na hakuogopa, kwa sababu injinia alimwambia nyingine ipo Mahajanga, imetunzwa.

Zara, binti yake, anafua mashuka kwenye hoteli ya Ambatoloaka. Alisikia habari za ghala redioni akapiga simu. Alieleza kila kitu. Kuna mtu anaitaka ile ardhi ajenge vyumba vya wageni, amekuja mara mbili, na Dady amemjibu angoje. Ule mpunga mwekundu ukipatikana, shamba linabaki. Usipopatikana, wanauza.

Mkuu alifurahi kweli. Akasema mbegu inarudi nyumbani. Akanipa mfuko wenye utepe nifungie mbegu, fomu ya kutiwa dole gumba, na amri ya kupiga picha. Kutoka Mahajanga ni siku mbili za gari mpaka Ankify, kisha boti. Kwenye boti niliufungua mfuko nikatazama, nikaufunga tena. Ningeweza kuutupa majini nikasema umeibwa. Sikutupa. Nadhani nilitumaini mama wa watu amezeeka na macho hayaoni.

Macho yanaona.

Aliumimina kwenye ungo, akapepeta mara mbili, mkono ukasimama.

"Zara, njoo uone harusi."

"Harusi gani, mama?"

"Wageni wa kila kijiji wamefika. Bibi harusi tu ndiye simwoni."

Zara akacheka. Mimi nikasema, naandika kama lilivyonitoka, "Ni uleule, Dady. Umekaa kwenye baridi muda mrefu, umebadilika kidogo."

"Wafaransa walikaa kwenye jua letu muda mrefu," akasema, "mbona hawakugeuka Wasakalava?"

Yeye akakaa chini, miguu ameinyoosha, akaanza kuchambua punje moja moja. Huu wa kina shemeji zake. Huu wa watu wa mlimani, wanaupenda kwa uji. Huu ganda jeusi wa bibi mmoja aliyemtaja na kumwombea. Mpaka jua linashuka alikuwa na mafungu matano, moja kubwa la mweupe mfupi, mengine ya kiganja. La sita lilikuwa dogo sana, punje nyekundu za kuhesabika. Akaitia moja menoni, akaitema.

"Huu si wangu. Wangu uko wapi?"

Hapo nikasema. Nikasema yote, jina, njaa, honi, mkuu na wageni wake, ndoo. Nilidhani ataniuliza kuhusu mkuu, nami nilikuwa tayari kumsema mkuu kwa saa nzima.

"Ulikoroga kwa mkono upi?"

Nikamwonyesha. Akautazama, akarudi kwenye ungo wake.

Zara ndiye aliyesema. "Baba, mimi nilikupigia wewe mwenyewe. Nilikuuliza kama ipo, ukasema ipo. Nimelima kitalu siku tatu kwa magoti." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Nikamwambia nilisema ipo kwa sababu kwenye daftari ipo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi mchana.

Nilitoa ile fomu kwa mazoea tu, miaka yote hii mkono umezoea kutoa fomu.

"Imeandikwa nini?" Dady akauliza.

"Kwamba umepokea mbegu yako."

"Nimepokea?"

"Hapana, Dady."

"Basi dole langu unalitakia nini?"

Haya yalikuwa ya juzi. Jana mvua ilinyesha kutwa na hakuna aliyezungumza nami, ila chakula waliniwekea. Waliniwekea kingi kama mgeni.

Leo asubuhi Zara amekwenda kazini Ambatoloaka, na huko atampitia yule mtu anayeitaka ardhi amwambie aje. Kabla hajatoka, Dady ameyafunga yale mafungu matano kwenye vitambaa vitano, akanitajia kila kimoja ni cha watu gani na wanakaa wapi. Mbegu zote zina majina. Huo wa watu wa mlimani una majina mawili. Nikamwambia nitayaandika na kuzipeleka ghalani, safari hii kila moja peke yake.

"Usizipeleke kule," amesema. "Zipeleke kwa wenyewe. Waambie zilipotea njia."

Kwa miguu ni kazi ya siku nne. Natakiwa kazini Jumatatu. Nimemjibu ndiyo na sijui nimejibu kwa nini.

Na lile fungu la sita? Amelitia kitaluni, nyuma ya nyumba, akasema kitu kisichojulikana kisidharauliwe, na bata wasilikaribie. Nimeuliza jina la mpunga wake, lile jingine, la kusemwa. Nilidhani sasa ataniambia. Ameniuliza nalitaka la nini.

Nimekwenda kuwafukuza bata.

Saa nne nimemwandikia mkuu. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Niliyotuma ni haya: Mbegu ya Dady Soa haipo. Mifuko saba ya Tsisy anarana haikuwa kitu kimoja. Nililiona hilo siku ile, na niliichanganya makusudi, kwa sababu uliniambia kazi yangu ni kubeba. Nisamehe au unifukuze, lakini daftari lisahihishwe.

Miaka kumi nimeyabeba maneno hayo. Nilipobonyeza kutuma, nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nikimngojea anitukane. Nilitaka anitukane, kwa kuwa akinitukana nami nitakuwa na la kusema.

Jibu limekuja adhuhuri. "Asante mzee, tutaangalia ukirudi. Wafadhili wanaulizia picha. Umeshapiga?"

Nimelisoma mara nne. Halina ubaya wowote. Ndio maana linauma.

Nitasema ukweli wangu hapa, ambapo hakuna anayenijua kwa uso. Kwa miaka yote hii nilijipa moyo kwamba yule dada ndiye mkosaji na mimi ni mkono wake tu. Lakini yeye aliona jina moja kwenye karatasi na hakujua. Mimi niliona mpunga. Mimi ndiye niliyejua, katika ghala zima, kwamba kuna mama mmoja huku ambaye bahari ikipanda hana kingine. Nilimlipizia kisasi mtu kwa kitu cha mtu mwingine. Na yule niliyemlipizia mpaka leo hajahisi chochote.

Zara amenipigia sasa hivi. Yule mtu anakuja kesho saa tatu na kamba ya kupimia shamba. Yeye Zara hakupewa ruhusa kazini, na Dady mgongo hauinami, kwa hiyo anaomba mimi nishike upande mmoja wa kamba, kule mwisho, kwenye mikoko. Amesema, "Wewe unapajua, Baba."

Nimemwambia nitashika.