Wasifu wa Tata Wambui

Jumapili, Kiganjo. Baridi ya Julai haijaachilia tangu asubuhi, na mimi nimechoka, mwili na roho.

Sijaandika hapa kwa miezi. Mchapishaji alinirudishia mswada wangu akasema hadithi haina uhai. Neno hilo lilinikalia. Kila nikifungua kompyuta nalisikia, nafunga. Nikaanza kuwaambia watu kwamba kuandika yalikuwa mambo ya ujana tu.

Halafu wiki hii Tata Wambui, dada mdogo wa mama, akatuacha. Mwanawe Kamau alinipigia simu kutoka Ruiru.

"Wewe ndiye mwandishi wa familia. Tuandikie wasifu wa mazishi."

"Siandiki tena, Kamau."

"Sasa nani atamwandika? Mimi?" Akakata.

Niliandika shingo upande. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaokoka, akaugua. Nilipousoma, Tata hakuwemo. Ungekuwa wa mtu yeyote.

Nikafuta. Nikamwandika Tata ninayemjua, muuza mitumba wa soko la Kiuu aliyegombana na mteja asubuhi, jioni akamfichia blauzi nzuri. Tata aliyeimba kanisani kwa sauti ya juu na mbaya, mpaka mwalimu wa kwaya akamsihi asimame nyuma. Jumapili iliyofuata akasimama mbele kabisa.

Mama aliusoma, akakunja uso. "Huyu ni marehemu, si vichekesho. Toa hayo ya kwaya."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilikuwa tayari kuyatoa. Ni Kamau aliyekataa: "Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Acha."

Jana tulimzika. Kamau alisoma mwenyewe, na alipofika pale pa kwaya, hema lote likanyamaza. Niliangalia matope kwenye viatu vyangu. Nilitamani kuondoka.

Kisha mtu akacheka. Alikuwa mwalimu wa kwaya mwenyewe, mzee sasa, amekaa safu ya mbele. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu kicheko kikageuka kilio, na watu wote wakamfuata, wengine wakicheka, wengine wakilia. Nilimwona mama amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Sitadanganya kwamba nimepona. Mswada bado umekataliwa, na pengine mchapishaji alisema kweli. Leo pia nilitaka kulala tu.

Lakini jana tukiosha vyombo, mama alisema bila kuniangalia:

"Mimi uniandikie nikiwa hai. Nataka kujisomea."

Niliendelea kusugua sufuria. Nilikuwa naogopa kulia.

Kesho nikitoka kazini nitapitia kwake Kalimoni. Nitamuuliza alikuwa nani kabla hajawa mama yangu.