Siku Salome Alipoacha Kupiga Goti

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miguu! Leo imeniadhibu. Nimesimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na kaunta ya famasi yetu ilitengenezwa na fundi ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti. Fupi mno. Kila ukiandika maelekezo ya dawa unainama. Mgongo nao unadai haki yake.

Miaka kumi na tisa ya kazi hii, mbinu zote nazijua. Kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Kukanyaga katoni ya dripu kwa mguu mmoja kama bata. Kupanda na kushuka kwa vidole wakati mteja anatafuta cheti chake mfukoni. Soksi za kubana nilizoagiza Mwanza — kwa joto la Katoro ni sawa na kuvaa blanketi. Nikifika nyumbani, beseni la maji ya chumvi, kisha chali sakafuni, miguu juu ukutani. Innocent mwanangu akinikuta hivyo hucheka mpaka anakaa chini. Eti mama umegeuka mjusi. Hana adabu. Hajui shule yake yote aliisoma juu ya miguu hii.

Kiti hakuna. Bosi Sostenes alikiondoa mwaka wangu wa kwanza. Alisema mteja akikuta muuzaji kakaa, anadhani dawa nazo zimelala, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Na mimi nilimuunga mkono! Nilikuwa na miaka ishirini na sita na miguu ya swala. Leo ndiyo naona nilichokuwa nakipigia makofi.

Jambo jema la leo: Salome karudi kazini. Mtoto wake ana wiki saba tu. Likizo yake ilikuwa bado na wiki tano, ila nilimpigia simu nikamwambia bosi kaelemewa. Bosi hajaelemewa na chochote. Mimi ndiye niliyechoka kusimama peke yangu.

Kaingia, kapiga goti kama kawaida yake. "Shikamoo, Mama Innocent." Goti linagusa sakafu kabisa, hata wateja wakiwa wamejaa mlangoni. Binti wa Bukombe aliyelelewa. Napenda, nikiri tu. Kwetu huku, binti akipiga goti unajua ana kwao.

Jumatano, 5 Juni

Nafuu. Tukiwa wawili napata hata dakika ya kuegemea kabati.

Saa sita bibi Lukresia, mama yake Salome, kamleta mtoto anyonye. Salome kamnyonyesha stoo akiwa wima, jicho moja kaunta. Nilitaka kumwambia akae juu ya katoni. Bosi alikuwepo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekasirika mpaka saa hizi! Salome kaingia asubuhi, katoa shikamoo yake akiwa wima kama nguzo ya umeme. Kichwa tu ndicho kainamisha, kidogo. Mbele ya bosi! Bosi kanitazama, kacheka puani.

Nikasema labda kasahau. Mchana kaja Mama Makoye, muuza dagaa, mtu mzima kabisa, kutaka dawa ya kikohozi. Kasalimu kwa Kisukuma, taratibu, kama wanavyosalimu wazee. Salome kamjibu vizuri kwa mdomo — wima vilevile. Mama Makoye alipokuwa anaondoka kaninong'oneza kwamba mabinti wa siku hizi wakishazaa wanaona wameimaliza dunia. Aibu yote kaniachia mimi, kana kwamba nilimzaa mimi huyo Salome.

Sikumuuliza. Mtu mzima haombi heshima. Lakini nimeona. Mcha mwana kulia hulia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempanga Salome kaunta peke yake wiki nzima ijayo. Mimi nimejichukulia stoo, kuhakiki dawa zinazokaribia kuisha muda. Stoo kuna katoni. Ukikaa, bosi hakuoni.

Nimemwambia anahitaji kukomaa. Kasema sawa mama. Hakuuliza kwa nini, na hilo nalo limeniudhi. Nilitaka aulize ili nimwambie.

Jumanne, 11 Juni

Miguu yangu haijavimba tangu jana! Jioni kifundo cha mguu nakiona kama cha msichana. Kumbe dawa ilikuwa kukaa tu.

Salome kanifuata stoo saa nane. Kasema kigimbi cha kushoto kinavuta, usiku halali. Nimecheka. Nikampa hotuba yote: soksi, beseni, ukuta, miaka kumi na tisa. Nikamwambia wewe una siku mbili tu kaunta tayari unalia, ungekuwepo enzi zile tunafungua mpaka saa nne usiku ungesemaje? Nikampa diklofenaki, kimoja kutwa mara tatu, siku tano, na dawa ya kuchua. Kwenye bahasha niliandika 1x3, ila kwenye daftari la dawa sikuandika. Nani anaandika dawa anayompa mwenzake wa kazini?

Mguu wenyewe sikuutazama. Alikuwa na kitenge mpaka kifundoni, na mteja alikuwa anagonga kioo kwa sarafu.

Angekuwa mteja wa kunilipa, ningemwambia: hebu nione.

Alhamisi, 13 Juni

Kaja mzee Ngassa kutoka machimboni, vumbi mpaka kwenye kope. Mkewe yuko kitandani wiki ya tatu tangu aanguke, sasa mguu mmoja umevimba, una joto. Kaomba ya kuchua. Salome kaniita, maana mambo kama hayo ni ya mkubwa.

Nikatoka stoo na ukubwa wangu. Nikamwambia mzee, asichue hata kidogo. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa tunaweza kusema uchovu, ila mmoja peke yake, na una joto — huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ikikatika kipande kikapanda mapafuni, ni kifo. Ampeleke hospitali leo hii. Mzee kashika mkono wangu kwa mikono miwili, kanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, dokta. Wabeja sana." Nimejisikia vizuri, nisidanganye. Siku moja moja kazi hii inakulipa.

Salome alikuwa pembeni anafunga vidonge kwenye bahasha. Mikono ilisimama, ananitazama. Nikadhani anajifunza.

Jioni wakati wa kufunga kaanza, Mama Innocent, ule mguu wangu... Nikamkatisha, nikamuuliza kama vidonge vimeisha. Kasema bado. Kaomba kesho asije, aende kituo cha afya. Nikamuuliza, kaunta atasimama nani? Ijumaa na Jumamosi wachimbaji wote wako mjini. Nikamwambia nenda Jumatatu.

Sawa mama.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi. Niandike tu hivyohivyo.

Saa saba hivi, duka limejaa. Chupa ya dawa ya maji imemponyoka Salome, ikabingirika mpaka miguuni pake. Haikuvunjika. Yeye kaiangalia tu. Nilikuwa nimesimama mlango wa stoo. Nikasema kwa sauti, wateja wote wakisikia: okota basi, au na kuinama nako siku hizi kunakushushia cheo?

Kajaribu. Kashika kaunta, kashuka upande upande, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake kama mti. Goti halikunjiki. Halikunjiki! Kapiga kelele moja fupi, kakaa sakafuni, kitenge kikapanda.

Mguu ule. Kuanzia pajani mpaka kwenye vidole, mnene mara mbili ya mwenzake, ngozi inang'aa, rangi kama ya zambarau iliyoiva. Nikaugusa. Una moto.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema, tangu Ijumaa ile, mama. Siku ile niliyoshindwa kupiga goti. Nilijaribu nje kabla sijaingia, likakataa. Nikaona umekasirika, nikaogopa kukwambia, ungesema ni kisingizio.

Na ni kweli ningesema hivyo.

Kisha akasema kifua kinambana akivuta pumzi. Wiki tisa tangu kujifungua. Mguu mmoja. Joto. Kusimama saa kumi na tatu. Haya yote nimeyafundisha wanafunzi wa mazoezi, nimemwambia mzee Ngassa juzi tu huku huyu mtoto amesimama hatua moja kutoka kwangu akisikia hukumu yake. Na mimi nilimpa ya kuchua! Mzee nikamkataza, yeye nikampa.

Bosi kauliza nani atabaki kaunta. Nimesimamisha gari la watu, tumempakia, tumekwenda Geita. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Alikuwa ananiomba radhi kwa ile chupa.

Jumapili, 16 Juni. Hospitali, Geita. Saa tisa alasiri.

Misa imenipita. Niko kwenye benchi nje ya wodi, shajara iko kwenye mkoba toka jana. Nikiacha kuandika nitaanza kulia, na bibi Lukresia yuko ubavuni kwangu.

Jana usiku daktari, kijana tu, mpole, alimuuliza Salome maswali akiwa amewekewa hewa ya oksijeni. Mguu ulianza lini? Salome kasema, jana, dokta. Umetumia dawa yoyote nyumbani? Kasema hapana.

Alisema akinitazama mimi. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika kipochi chake. Ndani ya kipochi mlikuwa na bahasha yetu ya dawa, mwandiko wangu juu yake, 1x3. Nilikuwa naisikia kwa vidole kupitia kitambaa.

Ananisitiri. Hata pale, anapumua kwa taabu, ananiheshimu. Na mimi niliyemwadhibu wiki nzima kwa kukosa heshima, nikanyamaza.

Niliogopa nini? Nijiulize ukweli, hapa hakuna mwingine anayesoma. Niliogopa leseni yangu. Niliogopa sura ya yule kijana daktari akisikia kwamba mtaalamu wa dawa alimpa mzazi mwenye mguu mmoja uliovimba vidonge vya maumivu bila kuinua hata pindo la kitenge. Niliogopa bibi Lukresia. Usiku kucha nimekuwa nikijiambia kwamba kukicha nitasema. Kumekucha. Saa tatu nikajiambia nitasema baada ya kipimo. Saa sita kipimo kimetoka: damu imeganda pajani, na wanadhani kipande kimeshafika kwenye pafu. Bado sikusema.

Muuguzi kasema saa kumi wanaanza sindano ya kuzuia damu kuganda. Na mimi najua, kuliko mtu yeyote kwenye korido hii, diklofenaki inafanya nini ikikutana na sindano hiyo. Mtu anaweza kuvuja damu tumboni bila dalili mpaka umechelewa. Kidonge cha mwisho kakinywa jana asubuhi, nilimkumbusha mwenyewe. Najidanganya kwamba kimeshatoka mwilini. Mteja angeniambia maneno hayo ningemfokea.

Mtoto analia. Bibi Lukresia anamnywesha maziwa ya chupa, mtoto anayakataa, anatafuta la mama yake. Bibi kanishukuru tena, mara ya nne leo. Kasema mabosi wengine wangemwacha binti yake pale sakafuni waendelee kuuza, lakini Mungu alimpa Salome mtu mwenye utu, na kwamba Salome kila akirudi nyumbani alikuwa anamsimulia Mama Innocent kanifundisha hiki, Mama Innocent kanifundisha kile. Nikamwambia asiseme hivyo. Akadhani ni unyenyekevu. Kanishika goti kwa mkono wake mkavu.

Laiti ningemuuliza tu ile Ijumaa. Neno moja, una nini mwanangu. Ningemwacha alale nyumbani zile wiki tano. Ningesimama mwenyewe, si nilikuwa nasimama miaka yote? Miguu yangu ingevimba, ingenywea, ingevimba. Hiyo ndiyo kazi yake.

Saa kumi kasoro dakika kumi. Muuguzi kapita na sinia lenye sindano.

Mlango wa wodi umefunguliwa. Daktari katoka na faili mkononi. Anasema kabla hawajaanza anataka kuhakikisha, maana mguu ule hauonekani kuwa wa siku moja: nani alikuwa karibu na Salome wiki hizi, anayeweza kumwambia vizuri? Bibi Lukresia hakusita hata kidogo. Kanyoosha mkono kwangu, kasema muulize huyu, baba, walikuwa pamoja kila siku, na dawa zote anazijua.

Daktari ananisubiri nimalize kuandika.