Paipu ya Nyuma Kushoto

Mkwaja, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Nasri,

Assalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na Hasina na kichanga chenu. Mimi na Bi Shadya hatujambo, ila goti langu la kulia limeanza kunigomea kila nikiinuka kwenye swala.

Landrova yako imefika salama. Dereva wa basi aliliweka sanduku miguuni pake, halina hata mkwaruzo. Nimekaa nayo siku nne kabla ya kushika kalamu, maana siku ya kwanza mtu hutazama kwa macho ya mapenzi.

Sasa sikiliza. Matairi ni makubwa. Ulikata ndala kwa kukisia. Kwa kipimo chako cha moja kwa kumi na mbili, tairi lile kwenye gari la kweli lingenifika kifuani. Rangi inang'aa mno. Gari lililozeeka kwenye mashamba ya mkonge lina vumbi jekundu kwenye kona za milango, vumbi lisilotoka hata kwa sabuni. Mlango wa dereva umeufanya kwa moyo. Ulipofika wa abiria ulikwisha choka, naona mpaka pale uliposema basi, inatosha. Bodi ya nyuma sina neno, hata mimi nisingeiweza.

Kwenye lile kundi letu la simu la wajenga vigari wamekupa mashallah thelathini na mbili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya matairi. Mtu anayesifu kila kitu hajatazama kitu. Ndiyo maana mimi nakuandikia kwenye karatasi, na nawe unifanyie vivyo hivyo. Trekta langu hilo hapo. Niambie nilipoliharibu.

Mjomba wako,
Mwinyijuma


Pongwe, 4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia barabara ya kwenu imekatika mara mbili. Sisi wazima. Kazi ya kuchora vibao imenibana, kila mwenye duka Pongwe anataka jina jipya mlangoni, ndiyo maana nimechelewa.

Trekta lako: usukani umelala kama sahani mezani, dereva wake angeendesha kwa viwiko. Mengine yote nimejifunza kwayo.

Ninalokutumia leo ni lori, Tawakali. Mwezi ujao inatimia miaka kumi na miwili tangu kaka Uweso afe na lori lile kwenye mteremko wa kutoka Amani, yeye na wale akina mama wawili waliopanda juu ya machungwa. Nikipita sokoni Muheza bado namsikia akitajwa kuwa yule dereva aliyesinzia. Mama alikufa akiamini hivyo. Wewe unajua kwamba kila Juni alikwenda kwa Leticia, dada yake marehemu Benedikta, mmoja wa wale wawili, kumwomba radhi kwa ajili ya mwanawe, na kila Juni alirudi bila kufunguliwa mlango. Sikulijenga ili kumtetea kaka. Nilitaka tu kitu chake kikae sebuleni, kisichokuwa picha ya kitambulisho.

Nilisikia mabaki ya lori bado yapo nyuma ya gereji moja Muheza, majani yameotea ndani. Nimekwenda Jumamosi tatu. Nimelala chini ya chesisi na tochi mdomoni, nimepima na kupiga picha. Bodi nimeijenga kama ilivyokuwa ingali nzima, lakini chini nimeiga nilichokiona. Paipu za breki ni shaba ya waya wa umeme. Ile ya tairi la nyuma kushoto niliikuta imekatika, imepondwa bapa na kukunjwa mdomoni. Nadhani ni ajali iliyoifanya vile, nami nimeiponda vilevile.

Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa lori hili, hakuna mwingine anayeweza kunikosoa. Nataka kulipeleka kwenye mkutano wetu wa wajenga vigari, Tanga mjini, siku ya tatu ya Idi. Usinihurumie.

Mpwa wako,
Nasri


Mkwaja, 20 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima.

Kigari ni kizuri, mashallah. Kila kitu kiko mahali pake. Sina la kukosoa.

Ushauri wangu usikipeleke kwenye mkutano. Mambo ya msiba hayapelekwi kwenye furaha za watu. Nakirudisha kwa basi la kesho. Kiweke ndani kwako, umwombee kaka yako.

Mjomba wako,
Mwinyijuma


Pongwe, 14 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Umenisifu. Nilikuwa na miaka tisa uliponipa mkasi wa bati mara ya kwanza, na tangu siku hiyo hujawahi kuniambia sina la kukosoa. Nikadhani labda ni huzuni. Nikakipindua kigari nikitazame upya.

Paipu ya nyuma kushoto si yangu. Ni mpya, imenyooka, imeshikizwa vizuri kuliko zote nilizoweka. Mkono wako naujua.

Nilikipeleka mkutanoni, nisamehe kwa kutokusikia. Yupo mwenzetu anaitwa Abrahamu, ni fundi wa malori makubwa, vigari anajenga kwa kujipumzisha. Nilimwonyesha kwenye simu picha niliyopiga chini ya lori lenyewe. Aliikuza, akaikuza tena.

"Hii haikuvunjika," akasema. "Hii imezibwa."

"Imezibwa vipi?"

"Paipu ikivuja na huna nyingine, unaikata, unaiponda, unakunja mdomo ili mafuta ya breki yasimwagike. Gari linatoka na breki tatu. Tambarare utafika. Mteremkoni na mzigo, unamwachia Mungu."

"Haiwezi kuwa ni ajali?"

"Ajali haikunji mara mbili kwa koleo, ndugu yangu. Meno ya koleo haya hapa." Halafu akaniuliza fundi wa lori alikuwa nani.

Sikumjibu. Nijibu wewe.

Mpwa wako,
Nasri


Mkwaja, 2 Septemba 2025

Mwanangu Nasri,

Assalaam aleikum. Najua umengoja. Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila mara niliona nimejipendelea, nikaichana. Hii nitaituma ilivyo.

Asubuhi ile paipu ilikuwa inavuja. Mzee Marwan, mwenye lori, alikuwa amesimama kichwani pangu. Machungwa yalikuwa tayari juu Amani, yamekwisha chumwa, yanangoja. Nilimwambia nahitaji siku moja nipate paipu Tanga. Akasema siku moja ni machungwa kuoza, na mafundi wako wengi. Nikachukua koleo. Nilikwisha fanya hivyo kwa magari mengine na yalirudi.

Uweso alikuja anafuta mikono. Akaniuliza, "Mjomba, iko sawa?"

Nikamwambia, "Nenda, iko sawa."

Hayo ndiyo niliyosema. Hakuniuliza mara ya pili kwa sababu nilikuwa mjomba wake. Angekuwa fundi mwingine, angelala chini atazame mwenyewe.

Polisi walipoandika kuwa ni uzembe wa dereva, nilinyamaza siku ya kwanza kwa hofu. Siku ya pili nilinyamaza kwa sababu nilinyamaza ya kwanza. Siku ya arobaini mtu akasema Uweso alikuwa hajalala siku mbili, mwingine akasema alikuwa anatafuna mirungi, na nilikuwepo, nimeshika kikombe cha kahawa, sikufungua mdomo. Mwezi huohuo nikahamia Mkwaja. Tangu hapo sijashika spana ya gari la kweli. Nimekuwa fundi wa magari yasiyoweza kumuua mtu.

Nilipokiona kigari chako nilikipindua. Nilibadilisha ile paipu kabla sijafikiri.

Sina la kuomba. Nimekuandikia kwa sababu uliniuliza.

Mjomba wako,
Mwinyijuma


Pongwe, 9 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ninaiandika kwa sababu mama alitufunza kuiandika.

Hasina ameimaliza barua yako kabla yangu, kwa sababu nilishindwa kupita mstari wa "iko sawa". Ameketi hapa pembeni.

Uliingia kaburini kumpokea mama. Wewe ndiye uliyemlaza ubavu, wewe ndugu yake. Miaka saba alikuwa akijitanda, anakwenda kwa Leticia kuomba radhi, akirudi anakupigia simu Mkwaja akilia, nami nilikuwa nakaa karibu namsikia. Ulikuwa unamwambia, "Subiri, Saleha dada yangu, Mungu yupo." Neno moja tu lingemtoa kwenye ile njia. Ulikuwa nalo.

Unaandika huna la kuomba. Mimi ninalo. Njoo Pongwe, Ijumaa yoyote baada ya swala. Nitamwita Leticia, nitawaita jamaa wa yule mama wa pili, nitawaita majirani waliokunywa kahawa siku ya arobaini. Utasema mbele yao kwa mdomo wako haya uliyoniandikia mimi. Hukumu sitaki. Ninataka kaka aache kuitwa aliyesinzia.

Nipe tarehe.

Mpwa wako,
Nasri


Mkwaja, 28 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Salaam. Bi Shadya anaumwa kidogo, presha. Hajui lolote kati ya haya na naomba asiyasikie kwako.

Nilikwisha panga kuja Ijumaa iliyopita. Nilifunga mkoba. Nikafika kituoni, basi likaja, kondakta akaniambia, "Mzee, pandisha mguu." Sikupandisha.

Hapa Mkwaja watu wakigombania mpaka wa shamba huniita mimi. Wanasema Mzee Mwinyijuma hana upendeleo. Nina miaka sabini na moja. Nikisimama mbele ya watu Pongwe, habari itafika hapa kabla yangu, na huenda nikaingia jela nikafia huko. Walioondoka hawatarudi kwa mimi kufungwa. Mzee Marwan naye amekwisha kufa. Nimetubu kwa Mola wangu kila siku kwa miaka kumi na miwili, na Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza.

Wewe sasa unajua, na wewe ndiye ndugu wa damu wa Uweso. Je, haitoshi? Tuliache hapa. Tuendelee na vigari vyetu. Nimeanza basi dogo, nitakutumia likikamilika.

Mjomba wako akupendaye,
Mwinyijuma


Pongwe, 19 Oktoba 2025

Mzee Mwinyijuma,

Mungu amponye Bi Shadya, hana kosa lolote.

Barua yako ya tarehe mbili Septemba nilikwenda nayo kwa Leticia Jumapili iliyopita, alipotoka kanisani. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Aliponiona alitaka kuinuka aingie ndani, kama alivyozoea kumfanyia mama. Nikamwambia, "Dada Leticia, leo sikuja kuomba radhi. Nimekuja na barua." Akakaa. Akaniambia miwani yake imevunjika, nimsomee.

Nilimsomea yote. Sikuruka neno, hata pale ulipojitetea na pale ulipojilaumu. Nilipomaliza aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu, lakini nilimwona anatupa mchele mzuri pamoja na mawe.

Halafu akaniuliza, "Mama yako alikufa lini?"

Nikamwambia mwaka elfu mbili ishirini na moja, mwezi wa tatu.

"Mwaka wa mwisho kuja hapa," akasema, "alikaa kwenye kizingiti hiki tangu asubuhi mpaka mkaadhini adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa namsikia anakohoa. Nikasema moyoni, acha akohoe, mimi dada yangu hata kukohoa hawezi tena." Akauweka ungo chini. "Mwanamke wa watu hakuwa na kosa. Mwanawe hakuwa na kosa. Sasa mimi nikakae kwenye kizingiti cha nani?"

Jibu huenda unalo wewe, lakini wewe basi lilikuja ukakataa kupanda.

Aliniomba abaki na barua. Anataka kuwasomea watoto wa Benedikta na jamaa wa yule mama mwingine, kisha ataamua na mwanawe Laurenti kama wataipeleka polisi. Alinitazama, nadhani alingoja nimwombe asifanye hivyo kwa sababu ya undugu. Nilimwachia barua na bahasha yake, yenye jina lako na kijiji chako nyuma.

Basi dogo usinitumie. Sitalifungua.

Nasri,
mtoto wa Saleha