Friji Imenyamaza

Wajukuu zangu, kitendawili. Analia mchana na usiku wala hakuna anayembembeleza, lakini akinyamaza nyumba nzima inahangaika. Mnamjua huyo. Ni friji yetu.

Basi langu linaondoka saa tatu, na miguu imeshachoka hata safari haijaanza. Nyama yote nimeichemsha na chumvi, iko kwenye sufuria kubwa. Jioni ichemsheni tena. Maziwa yamalizeni leo leo. Yale matambara niliyofutia maji yaanikeni, yasije yakanuka.

Mkwe wangu, chai hukunywa. Nimekufunikia kikombe.

Asubuhi fundi alipotoa kichwa ndani ya friji alisema, "Gesi imetoka yote, hapa pana tundu. Nani alikuwa anachokoa barafu kwa kisu?" Mwanangu akakutazama wewe. Ukamwambia, "Mimi hata kisu chenyewe sikioni tangu jana." Akacheka kile kicheko chake cha puani, nawe ukaingia chumbani ukafunga mlango. Mimi nikaendelea kukunja nguo zangu kama sikusikia.

~~Mkikwama nipigieni.~~ Leo msinipigie kwanza.

Mwanangu, ukirudi kutoka kazini mwombe mkeo radhi, tena mbele ya watoto. Friji nilitaka kumwachia safi, asihangaike nayo peke yake, na barafu ilikataa kuyeyuka. Kisu ninacho kwenye begi, nimekiviringisha kwenye taulo.

Aliyechokoa ni mimi,
Bibi yenu