Kompyuta Inayolala na Mbegu

Mbuji,
Mbinga.
12 Julai 2009

Mpendwa mdogo wangu Hamphrey,

Salamu zikukute mzima huko Dar es Salaam, wewe na wifi yangu Rosina. Mguu wake ule umepona? Sisi tunaendelea na kuchuma kahawa, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anakohoa na magoti yanamsumbua, lakini mdomo ni uleule.

Nakuandikia kwa sababu simu huku inataka upande mlima kwanza, na jambo lenyewe ni refu.

Ni ile laptopu ya mtumba uliyomletea mwanangu Emiliana alipoanza chuo. Sikulaumu. Siku hizi ni soko huria, kila kilichochoka kwa wenzetu kinashushwa bandarini na kung'arishwa. Lakini ilikuwa nyembamba mno kwa binti anayepanda bodaboda kutoka Mbinga hadi huku. Bawaba zililegea mapema. Chaji nayo tunaipata kwenye jenereta ya mashine ya kusaga, na umeme wake unapanda na kushuka kama hasira za Zabron mwenye mashine.

Sasa Mama. Umekulia nyumba hii, unajua kitu cha thamani hulala wapi: darini jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu, ukungu haufiki, mwizi haoni. Kila likizo Emiliana akimaliza kuandika, Bibi yake anaipokea na kuipandisha huko. Sote tuliona ni busara. Mimi nilimtania tu kwamba itaota.

Mwezi uliopita tumbo la laptopu likaanza kuvimba. Wiki iliyopita nikaipeleka Mbinga kwa fundi Pankras. Aliigusa, akarudi nyuma. Alisema betri imeumuka na kukwama, hawezi kuichomoa kwa nguvu. Ikipata joto tena inaweza kulipuka, na moto wake si wa kuzima kwa kata ya maji. Tusiiwashe, tusiichaji, tuizike kwenye mchanga nje ya nyumba mpaka mwenzake wa Songea aje na vifaa wiki ijayo.

Kuitupa hatuwezi. Utafiti wote wa Emiliana umo humo na hana nakala. Asipouwasilisha mwezi ujao, mwaka mzima umepotea. Kila jioni ananiuliza kama nina hakika fundi atakuja.

Basi nimeiweka kwenye chungu cha mchanga nyuma ya nyumba. Mama hajaridhika. Kwake yeye, kilichovimba kimeingiwa na baridi, na mgonjwa halazwi uani. Mara mbili nimeikuta darini nikaishusha. Nimemweleza kwa Kiswahili, nimemweleza kwa Kimatengo. Ananiitikia vizuri, halafu anafanya lake. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Sipendi methali hiyo inijie nikimtazama mama yangu.

Ninaogopa, Hamphrey. Kwa baridi hii Emiliana analala jikoni na Bibi yake, na kitanda chao kiko chini ya dari ileile.

Kwa hiyo mtafutie laptopu nyingine, na safari hii chagua kwa macho ya huku. Iwe nene, iwe nzito, bawaba za chuma, vumbi lisipenye kwenye vitufe, na betri inayochomoka kwa kidole. Urembo waachie watu wa maofisini. Tena uje nayo mwenyewe. Mimi Mama ananisikiliza kama redio ya jirani. Wewe ni kitinda mimba wake, neno lako analishika. Jana nimemkuta anasogeza mahindi darini. Anasema anaiandalia hiyo mpya nafasi.

Emiliana anakuamkia, shikamoo Mjomba. Mama anasema umekonda kwenye ile picha uliyotutumia. Nimekufungia usipa, dagaa wa ziwani Liuli, wifi aukaange mkavu. Cuthbert wa kwa jirani anasafiri kesho alfajiri, ndiye atakayekuletea. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mtuombee.

Dada yako akupendaye,
Serafina

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, nikasema nikakiangalie chungu kwanza. Kina mchanga tu. Moshi umeshaanza kutoka jikoni, na Emiliana namsikia humo ndani anacheka na Bibi yake. Barua naiacha hapa mezani. Nakwenda.