Hamira ya Uzi Mwekundu

Mwalimu Gwakisa,

Shikamoo sikupi, maana hata ulipokuwa hai hatukupeana. Rika moja, utani juu ya utani. Hati yangu unaijua. Niliishia kidato cha pili, tena sikuishia kwa heri. Soma hivyo hivyo.

Tangu wakuchukue kwenda kukuzika kwenu Tukuyu, nilitaka angalau tanuri langu ligome siku moja. Halikugoma. Watu wa Kasingirima walikuja alfajiri kama kawaida, "pole sana, Bingwa," halafu wakauliza kama mikate ya moto ipo. Nyumba yako amepewa mwalimu mpya wa baiolojia, kijana wa Singida. Ameng'oa mchaichai wako wote. Nilimchukia kabla hajanikosea kitu.

Lakini siandiki kwa ajili ya mchaichai. Naandika kwa sababu ya zile chupa mbili.

Ulizileta friji ya maabara ilipokufa, ukazipanga kwenye friji yangu katikati ya soda. Nikakwambia hamira nimeikanda miaka ishirini, leo unaniletea maji ya ukungu? Ukavuta kiti. Ukanieleza kwamba hamira haiwezi kuimeza sukari ya duka ilivyo, ni tonge kubwa mno. Ndani yake kuna jeni moja, maandishi ya kurithi, inayoagiza kimeng'enya kitengenezwe. Na hicho hukaa nje pembeni kama mkasi, kinaikata sukari vipande viwili ndipo iingie. Chupa ya kwanza ilikuwa nayo. Ile uliyoifunga uzi mwekundu, uliyotumiwa na rafiki yako wa chuo kikuu, jeni hiyo ilikuwa mbovu. Nikauliza, sasa hii inaishije?

"Ikikaa na wenzake inaokota vipande vinavyowaponyoka. Kama wewe, Bingwa, unavyokula jikoni kwa watu."

Nilicheka mpaka nikaunguza trei nzima.

Hospitali, sauti imekwisha, hukuniusia watoto wala shamba. Ulisema, "Ile ya uzi mwekundu iko peke yake. Ipe glukosi. Ya duka usiipe." Ulikuwa umewaahidi kidato cha nne kuwaonyesha. Nami nikakujibu kwa kiburi changu: Mwalimu, mimi nimefika Bujumbura, Kalemie, mpaka Mpulungu, nitashindwa kulisha hamira?

Nilishindwa.

Glukosi ilipoisha, duka la dawa waliniambia nirudi wiki ijayo. Sikurudi. Nilisema sukari ni sukari. Nikaipa nyeupe, safi, vijiko vya kujaa, ile ninayowawekea wageni. Nikaitoa kwenye friji nikaiweka karibu na tanuri isisikie baridi, kwa sababu ilikuwa yako na nilikuwa na uchungu. Kila nilipokukumbuka niliongeza kijiko. Ikafa njaa, Mwalimu. Ikafa njaa imezama kwenye sukari, na mpakuaji ni mimi.

Sikujua kama imekufa. Kijana wa Singida aliponiita nizipeleke chupa zote mbili maabara, nilivaa kanzu na koti. Akaweka kila hamira kwenye maji ya glukosi na kuivisha puto mdomoni. Ulikuwa umewaandikia kwamba kwenye glukosi zote mbili zitapuliza. Puto la kwanza likajaa. La uzi mwekundu likalala kama soksi. Tukangoja kipindi kizima.

Yule binti wa dawati la mbele, uliyekuwa ukimwita Daktari, akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu Gwakisa alitudanganya?"

Kijana akajibu kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi: "Marehemu alikosea. Inatokea."

Wakaandika kwenye madaftari. Nilisikia kalamu zao.

Na mdomo wangu huu, unaojaza mwalo wa Katonga kwa porojo siku dagaa wakiadimika, ulifungwa. Nikaaga kwa heshima, nikaenda zangu. Miaka kumi na mmoja umewafundisha watoto wa watu. Wamekuzika mara ya pili kwa sentensi moja, na jembe nilishika mimi.

Juzi nilikwenda kusema. Nilifika getini, mlinzi akauliza, "Bingwa, umeleta mikate?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na mkate hata mmoja. Nikajifanya nimeusahau mzigo, nikageuza baiskeli.

Sasa nimemwomba yule kijana wa Singida dakika tano za kipindi cha kwanza Jumatatu. Sikumwambia za nini, nisije nikapata pa kujificha. Nitasimama mbele ya ubao niwaeleze nilivyoilisha. Wacheke, wana haki. Na Daktari akiniuliza kwa nini sikusema siku ile, nitamjibu kwamba niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watoto. Basi. Sitatia chumvi, sitataja Mpulungu.

Lala salama, rafiki yangu. Jumatatu nitawaambia wachukue kalamu, walikate jina lako pale walipoandika kosa, waandike langu.

Hamisi, wa mikate, Ujiji